Seli Moja Moja

Mtu aliyejiandikisha kuwaachia watafiti ubongo wake anapofariki, simu ya benki ya ubongo hupigwa karibu sambamba na simu za ndugu. Kuanzia hapo saa zinahesabiwa: maiti iwekwe mahali pa baridi, mtaalamu afike, kazi ifanyike kwa namna ambayo wafiwa watakapomuaga marehemu wao hawataona alama usoni. Ubongo hupimwa uzito. Wa mtu mzima huwa karibu kilo 1.3, na wa mtu aliyeugua ugonjwa wa kusahau kwa miaka mingi hupungua hata macho yakaona, mikunjo yake imenywea na mifereji kati ya mikunjo imepanuka. Kisha hugawanywa katikati. Nusu moja hutumbukizwa kwenye formalini, ikae majuma kadhaa mpaka ishupae na kuweza kukatwa vipande vyembamba vya kutazamwa kwa hadubini. Nusu ya pili hukatwa palepale, hugandishwa upesi, na huingizwa kwenye friza ya nyuzi 80 chini ya sifuri. Humo inaweza kukaa miaka 20 kabla mtu hajaigusa.

Nusu ya formalini ndiyo iliyotupa majina ya magonjwa. Auguste Deter, mwanamke aliyelazwa katika hospitali ya wagonjwa wa akili mjini Frankfurt mwaka 1901 akiwa na umri wa miaka 51, alipofariki mwaka 1906, daktari wake wa zamani Alois Alzheimer alipelekewa ubongo wake mjini Munich. Aliutia rangi ya madini ya fedha, akaona mabaka nje ya seli na mafundo ya nyuzi ndani ya seli. Kwa sehemu kubwa ya karne iliyofuata, elimu ya magonjwa haya ilikuwa elimu ya mabaka, mafundo na makovu: mambo yanayobaki baada ya uharibifu kutokea.

Nusu ya baridi imebeba kitu kingine, nacho ni RNA.

Karibu kila seli ya mwili wako ina DNA ileile, na ndani yake mna takriban jeni 20,000 zenye maelekezo ya kutengeneza protini. Seli ya ini na seli ya ubongo hazitofautiani kwa jeni zilizonazo, zinatofautiana kwa jeni zinazofanya kazi. Jeni inapofanya kazi, seli hutoa nakala zake kwa RNA, na nakala hizo hutoka kwenye kiini kwenda kutengenezewa protini. Kwa hiyo ukiweza kuhesabu RNA zilizomo kwenye kipande cha ubongo, utajua ni jeni zipi zilikuwa kazini, na kwa kiasi gani, mwenye ubongo huo alipokuwa anaelekea kufa.

Hapo kwenye kufa ndipo penye mtego wa kwanza. RNA ina sifa ya kuoza haraka, na wengi hudhani kwamba saa chache baada ya kifo hakuna cha kuhesabu. Kumbe ndani ya ubongo uliopozwa mapema RNA nyingi hustahimili kwa saa kadhaa. Kinachoharibu zaidi ni namna mtu alivyokufa. Aliyekufa ghafla kwa moyo kusimama na aliyekaa wiki mbili kitandani akiwa na homa na upungufu wa oksijeni hawaachi tishu ya aina moja, kwa maana ubongo wa huyu wa pili huwa umeingia asidi na jeni zake zimekwisha kuitikia mateso ya siku za mwisho. Ukimlinganisha na mwenzake bila kuzingatia hilo, utaandika makala ndefu kuhusu ugonjwa kumbe umeeleza nimonia. Ndiyo maana kila sampuli hupewa alama ya ubora wa RNA, kuanzia 1 hadi 10, na zenye alama za chini huwekwa kando hata kama familia zilijinyima mengi kuzitoa.

Mtego wa pili ulinasa watu werevu zaidi, na kwa muda mrefu zaidi. Kuanzia mwisho wa miaka ya 1990, teknolojia ya kupima maelfu ya jeni kwa mpigo iliingia katika maabara za ubongo. Utaratibu wake ulikuwa huu: chukua kipande cha ubongo wa mgonjwa, kisage, toa RNA yote, pima, fanya hivyohivyo kwa mtu aliyekufa bila ugonjwa, linganisha. Majibu yalikuja kwa wingi, na karibu yote yalifanana. Jeni zinazohusu mawasiliano ya seli za neva zilikuwa zimeshuka, jeni za uvimbe na kinga zilikuwa zimepanda. Ilionekana kama ugunduzi.

Lakini simama nje ya soko la Kariakoo na kinasa sauti siku ya sikukuu, wauza nguo wengi wakiwa wamekwenda makwao, kisha ulinganishe mkanda huo na wa siku ya kawaida. Utasikia kelele za wauza nguo zimepungua na za wapagazi zimezidi. Je, wauza nguo siku hizi wanaongea kwa sauti ya chini? La, hawapo. Na wapagazi hawajapaza sauti zaidi; wamebaki wao. Ubongo wa mgonjwa wa Alzheimer umepoteza seli za neva, na nafasi yao imeachiwa seli nyingine ambazo zimeongezeka kwa uwiano. Ukiusaga, utapata jeni za neva "zimeshuka" hata kama kila seli ya neva iliyosalia inafanya kazi yake kama zamani. Sehemu kubwa ya kile kilichoandikwa kama badiliko la utendaji wa jeni ilikuwa hesabu ya marehemu na walio hai.

Dawa ya tatizo hilo ni rahisi kuitamka: uliza seli moja moja. Kuifanya ndiyo shughuli. Ubongo una seli za neva zipatazo bilioni 86, na idadi inayokaribiana nayo ya seli za aina nyingine, zote zimesukwa pamoja kwa nyuzi ndefu zinazopenya kila upande. Seli nzima ya neva ya binadamu mzima haiwezi kuchomolewa kwenye tishu iliyogandishwa, barafu imeshaipasua. Kinachosalimika ni kiini chake. Ndani ya kiini mna RNA kidogo kuliko kwenye seli nzima, ila inatosha kutambua seli ilikuwa ya aina gani na ilikuwa inashughulika na nini.

Mwaka 2015 maabara za Harvard, zikiongozwa na Evan Macosko na Steven McCarroll, zilionyesha njia ya kufungia maelfu ya seli, kila moja ndani ya tone lake la maji lililoelea kwenye mafuta. Ndani ya kila tone mna chembe ndogo iliyopakwa vipande vya DNA vyenye alama ya utambulisho isiyo na mwenzake. RNA ya seli hunasa kwenye alama hiyo, na baada ya hapo unaweza kuchanganya kila kitu na kukisoma kwa pamoja, maana kila nakala inajua ilikotoka. Wengine waliichukua mbinu hiyo wakaitumia kwa viini vya ubongo uliogandishwa, na zile friza zilizokuwa zimejaa kwa miongo zikageuka mali.

Matokeo makubwa ya kwanza kuhusu Alzheimer yalitoka mwaka 2019, katika maabara za Li-Huei Tsai na Manolis Kellis huko MIT: viini 80,660 kutoka kwenye ubongo wa watu 48, nusu wakiwa na dalili nyingi za ugonjwa kwenye tishu na nusu wakiwa na chache au hawana. Watu hao 48 walistahili sura yao peke yao. Walitoka kwenye utafiti ulioanzishwa na David Bennett wa Chuo Kikuu cha Rush, Chicago, mwaka 1994, ambao ulisajili masista, mapadre na mabruda wa Kanisa Katoliki kote Marekani. Kila mmoja alikubali kupimwa kumbukumbu na akili mwaka hadi mwaka, na kuacha ubongo wake akifariki. Watu wa kitawa wana sifa ambayo mtafiti hawezi kuinunua: hawahamihami ovyo, maisha yao yanafanana, na wakishaweka ahadi huitimiza. Kwa hiyo ubongo wa sista aliyefariki akiwa na miaka 88 hauji peke yake, unakuja na rekodi ya miaka mingi ya majibu yake mwenyewe.

Kilichoonekana ni kwamba mwanzoni mwa ugonjwa kila aina ya seli ina mabadiliko yake. Jeni moja hupanda katika seli za aina hii na kushuka katika seli za aina ile. Kwenye kipande kilichosagwa hizo mbili zingefutana, na mtafiti angeandika kuwa hakuna kitu. Baadaye tu, ugonjwa unapokomaa, ndipo seli za aina zote huanza kuonyesha dalili za pamoja za kulemewa. Viini vya wanawake navyo vilijitokeza zaidi ya vya wanaume katika makundi ya seli yaliyoathirika, jambo ambalo hakuna aliyelieleza kwa ukamilifu.

Aina mojawapo ya seli ilipandishwa cheo na kazi hii. Mikroglia zilielezwa na Mhispania Pío del Río-Hortega mwaka 1919: seli ndogo zenye matawi, zinazozunguka ndani ya ubongo zikila mabaki na vijidudu. Wasomi wa Alzheimer waliziona zimekusanyika pembeni mwa mabaka, wakazichukulia kama wafagiaji waliofika baada ya ajali. Kisha mwaka 2013 makundi mawili ya watafiti yalitangaza kwamba badiliko adimu katika jeni iitwayo TREM2 huongeza hatari ya Alzheimer kwa takriban mara tatu. Kwenye ubongo, jeni hiyo hufanya kazi ndani ya mikroglia. Sehemu nyingine nyingi za DNA zinazohusishwa na ugonjwa huu zilipochunguzwa, jibu lilirudi kulekule. Mfano ninaoupenda ni wa jeni BIN1, inayofanya kazi katika seli za neva na katika mikroglia pia. Badiliko la hatari haliko ndani ya jeni yenyewe, liko kwenye swichi iliyo jirani nayo. Mwaka 2019 watafiti wa San Diego waliikata swichi hiyo kwenye seli za maabara. BIN1 ikazimika katika mikroglia. Katika seli za neva iliendelea kama kawaida. Orodha ya DNA peke yake isingeweza kutuambia hayo. Ilibidi kwanza mtu ajue swichi gani iko wazi katika seli gani.

Hata hivyo kuna lawama moja ambayo fani hii haiwezi kuikwepa. Ubongo wa maiti huonyesha hali ya siku moja, ya mwisho. Ukikuta jeni imepanda, huwezi kusema kama ilisababisha ugonjwa, ilijaribu kuuzuia, au ilipanda kwa sababu kila kitu kilikuwa kinabomoka. Nimesoma makala nyingi zinazopita juu ya swali hili kwa kutumia neno "kuhusishwa", na sizilaumu sana. Lakini ipo kazi moja iliyotafuta njia ya kupenya, na inahusu ugonjwa wa Huntington.

Huntington ni ugonjwa wa kurithi. Viungo hucheza bila mwenyewe kutaka, hasira na huzuni hupanda, akili hupungua, na kila mtoto wa mgonjwa ana nafasi ya nusu kwa nusu ya kuurithi. Jeni yake ilipatikana mwaka 1993. Ndani yake herufi tatu za DNA, CAG, hujirudia. Wengi wetu tuna marudio chini ya 36. Mwenye 40 au zaidi ataugua kama ataishi miaka ya kutosha. Wagonjwa wengi hurithi marudio kati ya 40 na 45. Fumbo ni hili: jeni hiyo mbovu iko katika kila seli ya mtoto tangu tumboni, na inafanya kazi. Kwa nini basi mtu asome, aoe, azae, na aanze kuugua akiwa na miaka 40? Na kwa nini zife hasa seli za neva za aina moja, zilizo ndani kabisa ya ubongo katika sehemu iitwayo striatamu, na jirani zake zipone? Maelezo ya miaka mingi yalikuwa kwamba protini mbovu ni sumu ya polepole.

Mwanzoni mwa 2025, Bob Handsaker, Steven McCarroll, Sabina Berretta na wenzao walichapisha kazi iliyotumia tishu zilizohifadhiwa katika benki ya ubongo ya hospitali ya McLean, karibu na Boston. Walipima mambo mawili kwa pamoja ndani ya kila kiini: urefu wa marudio ya CAG na utendaji wa jeni zote. Katika aina nyingi za seli, marudio yalibaki karibu na idadi ile aliyozaliwa nayo mgonjwa. Katika zile seli za striatamu zinazokufa, yalikuwa yamerefuka: 60, 100, mengine zaidi ya 500, kila seli na idadi yake, ndani ya ubongo wa mtu mmoja.

Na hapo lile tatizo la siku moja likapata ufumbuzi, kwa kuwa seli za mtu mmoja zilikuwa katika hatua tofauti za safari moja. Wangeweza kuzipanga kwa urefu wa marudio na kutazama jeni zao. Seli yenye marudio 45 na yenye 100 zilikuwa na jeni zinazofanya kazi sawasawa. Hakuna dalili ya sumu ya polepole. Mambo yalibadilika baada ya marudio 150. Kuanzia hapo mamia ya jeni huanza kuyumba, kwanza zile zinazoipa seli sura na kazi yake, na mwishoni huamka jeni ambazo katika seli ya neva iliyokomaa zilipaswa kunyamaza milele, zikiwemo za kuiua seli. Kwa makadirio yao, seli ya neva huishi zaidi ya asilimia 95 ya umri wake ikiwa na jeni isiyoidhuru ila inayorefuka: taratibu sana kwa miongo, kisha kwa kasi, kisha ghafla. Wakati wowote ule ni seli chache tu zinazokuwa kwenye hatari yenyewe. Ukisaga striatamu nzima, hizo chache zinapotea kwenye wastani.

Wapo wanaosisitiza kwamba protini ndefu huleta madhara hata kabla ya kizingiti hicho, na mjadala haujafungwa. Ila athari yake kwa tiba ni nzito. Kama kurefuka ndiko kunakoua, basi lengo zuri ni protini za mwili zinazorekebisha DNA ambazo, katika kurekebisha, huyarefusha marudio kwa makosa. Mojawapo ni MSH3. Ikizuiwa mapema, mtu aliyezaliwa na marudio 42 huenda akazeeka nayo.

Masista wa Marekani na wagonjwa wa Boston wametufikisha mbali, na hapo ndipo penye swali la ni nani hayumo kwenye friza hizo. Idadi kubwa ya ubongo uliokwisha kusomwa kwa njia hii ni ya watu wenye asili ya Ulaya. Si kwamba Afrika haikuwahi kuchangia. Mwaka 1996 watafiti wa Nairobi na Muhimbili, pamoja na wenzao wa Cleveland, Marekani, walichapisha uchunguzi wa ubongo wa wazee wa Afrika Mashariki waliofariki bila ugonjwa wa kusahau. Mabaka yaleyale ya Alzheimer yalikuwemo kwa baadhi yao, kwa kiwango kisichopishana sana na cha wazee wa Cleveland. Hoja ya wakati ule kwamba huu ni ugonjwa wa Wazungu ilipaswa kufia hapo.

Lakini kuna tofauti za kweli. Utafiti wa Ibadan na Indianapolis ulifuatilia Wayoruba na Wamarekani weusi kwa miaka, na mwaka 2001 ukaonyesha kuwa Alzheimer huwapata Wayoruba kwa chini ya nusu ya kasi ya Indianapolis: asilimia 1.15 kwa mwaka dhidi ya 2.52. APOE4, aina ya jeni ambayo kwa mtu wa asili ya Ulaya ndiyo alama kubwa ya hatari, kwa Wayoruba haikuonekana kuwa na nguvu hiyo. Kwa muda mrefu watu walitaja chakula, moyo, umri mfupi wa kuishi. Mwaka 2021 watafiti wa Miami walihesabu RNA katika viini vya ubongo wa watu wenye APOE4, wakiwatenganisha kwa asili ya kile kipande cha DNA kilichoizunguka jeni hiyo, kama ni cha Ulaya au cha Afrika. Kwenye kipande cha Afrika, jeni ilitoa nakala chache zaidi. Jeni ni ileile yenye hatari. Majirani zake wanaituliza. Zipo maabara zinazotafuta dawa ya kufanya hivyo hivyo.

Parkinson, ugonjwa wa kutetemeka na kukakamaa, umetoa funzo la upande wa pili. Mwaka 2023 utafiti uliowashirikisha kwa wingi Wanigeria, Njideka Okubadejo wa Lagos akiwa miongoni mwa viongozi wake, uligundua badiliko katika jeni GBA1 ambalo kwa watu wa asili ya Ulaya halipo kabisa au ni nadra mno. Nakala moja huongeza hatari kwa karibu mara moja na nusu, mbili kwa karibu mara tatu na nusu. Vipimo vilivyotengenezwa kwa ajili ya Ulaya visingeliona, kwa sababu haliko kwenye sehemu ya jeni inayoandika protini. Liko kwenye kipande ambacho seli hukikata na kukitupa inapoandaa RNA. Waliposoma RNA ndefu nzimanzima kutoka kwenye seli za wenye badiliko hilo, waliona kosa lilipo: kipande kilichopaswa kutupwa kinabaki, nakala inaharibika, na kimeng'enya cha kusafisha taka za seli kinapungua.

Huku kwetu, watafiti waliopita nyumba kwa nyumba katika Wilaya ya Hai, Kilimanjaro, na kuchapisha matokeo yao mwaka 2008, walikuta kuwa wengi wa wagonjwa wa Parkinson hawakuwahi kuambiwa jina la kinachowasumbua. Mtu asiye na jina la ugonjwa wake hawezi kuombwa ubongo wake. Na ombi lenyewe ni zito. Pwani, maiti huzikwa siku ileile ikiwezekana, na kuifungua hakukubaliki kirahisi. Bara, mwili hukaa siku kadhaa ukisubiri ndugu wa mbali, na kwa RNA kusubiri huko ni hasara. Ibadan wameanzisha benki yao ya ubongo, wakianzia na mazungumzo na viongozi wa dini na wa mitaa kabla ya friza, na naona huo ndio mpangilio sahihi.

Wakati huohuo Uingereza wanajaribu dawa ya kukiongezea nguvu kile kimeng'enya cha GBA1. Inaitwa ambroxol, nayo ni dawa ya kikohozi iliyozoeleka, ile ya kulainisha makohozi. Asikimbilie mtu dukani: dozi ya majaribio ni zaidi ya gramu moja kwa siku, mara nyingi ya ile ya kikohozi, na kama inafaa chochote kwa Parkinson ndiyo kwanza wanapima.